Firigisi za Shukrani

Kafedha hakuumbiwa kipimo. Mtopanga nzima walilijua hilo, na watoto wa shule walilijua zaidi, maana aliyetumwa kwenye kibanda chake kununua viazi karai alirudi na karatasi iliyofurika mpaka vingine vikamwagika njiani. Mumewe Kefa alikuwa akimwambia kwamba biashara si sadaka. Kafedha anaitikia vizuri, tena kwa adabu, kisha mteja wa pili anapata zaidi ya wa kwanza.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta anaandaa karamu iliyotaka kipimo kuliko karamu zote.

Karamu yenyewe ilikuwa ya shukrani. Kefa, mwana wa Vihiga aliyekuja pwani kutafuta kazi akapata kazi na mke, alikuwa akifunga maturubai juu ya malori kule Changamwe. Siku moja kamba ilikatika, akaanguka, na mguu ukavunjika vibaya. Alilala hospitalini mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamuuliza yeye daktari anapita saa ngapi. Kafedha ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamwogesha, kisha akarudi kukaanga viazi. Siku Kefa alipoingia nyumbani kwa magongo, mume na mke waliafikiana: Jumapili moja ya Novemba, baada ya ibada, watapika chakula cha kumshukuru Mungu, na watu wa Vihiga wataalikwa.

Watu wa Vihiga maana yake ni Jacktone, kaka mkubwa wa Kefa, na mkewe Roseline. Jacktone alikuwa mzee wa kanisa, na alipozungumza alizungumza kama mtu anayesoma tangazo. Yeye ndiye aliyemlea Kefa baada ya baba yao kufariki, na Kefa hajawahi kumwambia hapana tangu azaliwe. Basi Jacktone alipiga simu akasema atakuja kwenye shukrani, tena atakuja na jogoo wake mwenyewe, na Jumatatu watarudi na Kefa. Mgonjwa hupona kwao, alisema. Huko pwani nani atamtunza?

Kefa aliipokea habari hiyo kwa kusema sawa kaka, kisha akamweleza mkewe huku anautazama ukuta.

Kafedha hakugomba. Lakini moyo ulimshuka mpaka kwenye kandambili. Alijua mume akishapandishwa basi kwenda kupona, atarudi siku ndugu watakapotaka, na huenda wasitake. Angebaki yeye na watoto na kibanda. Akaamua kwamba hatabishana na Jacktone. Chakula ndicho kitakachobishana naye. Akila akashiba, akaona ndugu yake anavyotunzwa, atawezaje kumng'oa?

Kwa hiyo alimkalisha Kefa kitako akamhoji juu ya vyakula vya kwao kama polisi anavyomhoji mshukiwa. Ugali wa wimbi, mweusi na mgumu. Mboga ya mrenda inayoteleza. Kuku. Kafedha akaongeza vya kwao Kaloleni, mbaazi za nazi na mchunga, mboga ile chungu, asije mgeni akadhani Kefa ameoa mtu asiye na kwao. Alipouliza kuhusu kuku, Kefa akachangamka. Akaeleza kwamba kwao kuku ana firigisi, na firigisi si nyama tu. Hupewa mwenye mji au mgeni wa heshima. Ukimpa mtu firigisi umemwambia mbele ya wote kwamba unamheshimu.

Hapo Kefa alipaswa kuendelea, aseme kwamba humfikia mtu mmoja tu, na utamu wote uko katika kuwa moja. Lakini mguu ulimuuma, akaomba dawa, mazungumzo yakaishia hapo.

Kafedha alilala akilifikiria jambo hilo na likamkera. Firigisi moja, na wageni wote wale? Kwao mgeni hupewa bora, na mgeni wa pili naye ni mgeni. Asubuhi akaenda kwa Munga, muuza kuku anayechinjia mahoteli, akamwomba firigisi. Munga akauliza ngapi. Kafedha akampa ndoo.

Jumapili ikafika. Jogoo wa Jacktone, aliyesafiri usiku kucha chini ya kiti cha basi, alichinjwa kwa heshima zake na kutiwa sufuriani pamoja na firigisi za ndoo. Mezani Jacktone aliomba sala ndefu hata tui likaanza kuganda juu ya mbaazi. Alishukuru kwa mguu, akashukuru kwa basi, na akaiombea safari ya kesho akimtaja Kefa kwa jina. Kefa akasema amina. Kafedha alitamani kumfinya.

Kisha akaleta bakuli, akaanza kugawa kwa mkono wake ule ule wa viazi. Jacktone akawekewa firigisi tatu. Kefa tatu. Mchungaji, aliyealikwa baada ya ibada, tatu. Watoto sahani zao zikajaa. Roseline, aliyekaa mwisho wa meza karibu na mlango wa jikoni kama alivyozoea kwake, naye akawekewa tatu.

Jacktone aliitazama sahani yake, akaitazama ya mchungaji, halafu ya kitoto cha miaka mitano ambacho tayari kilikuwa kinatafuna heshima ya ukoo mdomo wazi. Akavuta bakuli, akalikoroga kwa kijiko, akachungulia.

"Hapa ndani," akasema taratibu, "ya jogoo yangu ni gani?"

"Zote zako, shemeji," akajibu Kafedha kwa furaha. "Na nyingine ziko jikoni."

Jacktone akasukuma sahani. Hakupandisha sauti, aliegemea kiti akakunja mikono, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kefa akainamisha kichwa. Ndipo Kafedha alipotambua kwamba ameharibu, ingawa hakujua ameharibu nini. Aliona kama kwa macho yake mume wake akipanda basi.

Na pale mwisho wa meza Roseline alikuwa bado anaitazama sahani yake. Tangu aolewe alikuwa amechinja kuku wasiohesabika. Amewanyonyoa, amewapasua, ameiosha ile firigisi, ameimenya ngozi yake ya ndani, ameipika, akaipeleka mezani juu ya kisahani. Hajawahi kuionja. Akamtazama mumewe, aliyekuwa anatazama dari. Akachukua moja akatia mdomoni, akatafuna polepole, macho ameyafumba, mpaka watu wakaacha kumwangalia Jacktone wakamwangalia yeye.

Akameza.

"Kumbe ni hii tu?" akamuuliza mumewe. "Baba Lenox, miaka yote hii ni hii tu?"

Mchungaji alipaliwa na mrenda ikabidi apigwe mgongoni. Roseline hakucheka. Akala ya pili, akala ya tatu, akafuta mdomo, kisha akamgeukia Kefa na kumwambia aunyanyue ule mguu. Kefa akaunyanyua. Roseline akaubonyeza juu na chini, akaukunja, akaukunjua. Mguu ulikuwa umenona kwa kulishwa na kukandwa.

"Nani atakuwa anakanda huu mguu kule nyumbani?" akamuuliza mumewe. "Ni wewe? Maana mimi niko na ng'ombe na shamba na wewe mwenyewe. Huyu mtoto ametunzwa. Mimi simtoi hapa."

Jacktone aliutazama mguu, akaitazama sahani. Huenda alikuwa anapima. Huenda ni njaa tu, kwa sababu harufu ya mbaazi za nazi haimheshimu mtu yeyote. Mwishowe akairudisha sahani mbele yake, akakohoa kidogo, akatangaza kwamba baada ya kuitafakari hali ya mgonjwa ameamua Kefa abaki hapa hapa mpaka apone, na asiharakishwe na mtu. Alitangaza kama vile wazo hilo ameondoka nalo Vihiga. Wote wakamwitikia kwamba ameamua vyema, Roseline akiwa wa kwanza.

Kafedha alikwenda jikoni kuwaletea firigisi nyingine. Alipoifunua sufuria hakuona kitu kwa machozi. Hospitalini, miezi yote ile, hakuwa amedondosha hata chozi moja, na sasa alilia kwa sauti ameshika mwiko, shemeji zake wakimsikia upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Kefa alichukua magongo yake, akainuka mbele ya kaka yake bila kuomba ruhusa, akamfuata.