Siku Sita za Kumfukuza Darryl

Kwa siku sita nilimtukana shemeji yangu kwa makusudi, na kila nilipomtukana alinimiminia chai.

Mtu mwenye akili zake angeshtuka siku ya kwanza. Mimi nilikuja kushtuka siku ya tisa, na ilikuwa imeshakula kwangu.

Naitwa Russ. Nina miaka hamsini na mbili. Shule niliiacha nikiwa na kumi na nne, na tangu hapo nimekula vumbi jekundu la Leonora, huku Australia Magharibi, kuliko nilivyokula mkate.

Kazi yangu ni kusaka dhahabu jangwani kwa detekta, mashine ya kunusa madini ardhini. Unavaa hedifoni, unapunga mashine chini kushoto kulia, nzi wanakunywa jasho machoni, unasubiri mlio.

Miaka tisa nilisaka na Darryl, kaka wa mke wangu Noelene.

Huku kwetu mkipikia moto mmoja, dhahabu ni nusu kwa nusu, hata kama siku hiyo mwenzako alishinda amelala. Hakuna karatasi. Mnaanza kwa kushikana mikono, mnamaliza kwa kutamka: tumeachana, kila mtu na lake. Hujatamka, nusu ni yake.

Sasa, miaka yote tisa, vipande vikubwa alivipata Darryl. Kila mara alinipa nusu yangu, na kila mara alisema yale yale.

"Shika, shemeji. Ukanunue masikio."

Nilikuwa nacheka. Ndani nachemka.

Jumanne moja nikapita nyuma ya kilima, kwenye kambi kuukuu ya wachimbaji wa zamani. Mashine ikalia. Nikachimba kidogo tu, nikatoa kokoto ya dhahabu kubwa kama gego. Hatua mbili mbele, nyingine. Nikapunga mashine huku na huku, inalia kila upande.

Nikakaa chini.

Nikasema, hii simgawii mtu. Mara moja tu katika maisha yangu, iwe yangu.

Nikafukia vishimo viwili, nikavifagia kwa tawi. Kisha nikafanya ujanja.

Sisi tukisaka tunafunga mnyororo mfupi kiunoni. Unaburuzika nyuma yako na kuacha mstari, ujue wapi umeshapita. Ukikuta mahali pana mistari iliyobanana, unajua pameshasakwa, unakwenda zako. Basi nikazima mashine, nikatembea haraka haraka nikiburuza mnyororo, mpaka eneo zima likaonekana limesakwa likakutwa kavu.

Jioni Darryl akaniuliza, "Umepata nini?"

"Hewa. Nyuma ya kilima nimepita pote. Pakavu."

"Pote?"

"Umekuwa kiziwi?"

Akanitazama kidogo. Akanimiminia chai.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja: kumchokoza mpaka tuachane. Akishaondoka, mzigo wote wangu.

Jumatano nilianza na mkate wake wa kwenye majivu. Nikasema hata mbwa mwitu angeufukia.

"Mbwa mwitu hana jino bovu kama lako," akasema, akaendelea kula.

Alhamisi nikapandisha dozi. "Ndiyo maana mkeo Cheryl alikukimbia. Hata mimi ningekwenda Perth kwa miguu."

"Alikimbia na gari langu, shemeji. Kwa miguu asingefika hata Kalgoorlie."

Ijumaa nikamwambia mama yao alizaa watoto wawili, akili zote akampa Noelene. Akakubali. Akasema ndiyo maana anashangaa Noelene aliolewaje na mimi.

Jumamosi nikalitupa godoro lake nje, kwenye miiba. Akalikung'uta, akalala hapo hapo nje.

Jumapili nikamwaga sufuria yake ya nyama ya kondoo mchangani, mbele ya macho yake. Nilikuwa nimekunja ngumi tayari. Yeye akafungua kopo la maharage.

"Una homa, shemeji?"

"Nina homa ya sura yako."

"Hiyo haina dawa."

Nilikuwa nimechoka kuliko yeye. Kumtukana mtu asiyejibu vita ni kazi ngumu kuliko sururu.

Jumatatu jioni akaweka kikombe chini.

"Sema basi."

"Niseme nini?"

"Kilichokukaa kooni tangu Jumanne. Mimi sisemi. Wewe ndiye uliyeniomba mkono, wewe ndiye utakayeuachia."

Nikasema. "Tumeachana. Kila mtu na lake."

"Rudia. Upepo ulikuwa unavuma."

Hakukuwa na upepo. Nikarudia.

Akanipa mkono, akapakia vitu vyake kwenye pikapu, akaondoka. Nikasimama naangalia vumbi lake linaishia barabarani. Nilijiona mwamba.

Lakini mimi mjanja, siyo? Nikajua anaweza kujificha mahali ananichungulia. Jumanne na Jumatano sikutoka kambini. Nilikaa kivulini nanoa sururu, napanga rangi ya pikapu mpya.

Alhamisi asubuhi nikapanda kilima.

Pikapu ya Darryl ilikuwa pale chini. Yeye anakunja turubai. Ardhi yote mashimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Nikashuka mbio, sururu mkononi.

"Umechelewa," akasema. "Jana nilikutengea chai, ikapoa."

"Hii ni yangu. Nimeiona mimi."

"Ilikuwa yetu. Jumatatu ukasema mara mbili kila mtu na lake."

"Ulijuaje?"

Akagusa mstari wangu mmoja kwa ncha ya kiatu.

"Hapa waliishi watu. Misumari, risasi, vipande vya makopo, mashine inalia kila hatua tatu. Anayesaka kweli anachimba takataka mpaka analia. Wewe umeburuza mistari kama mia, hujachimba hata msumari mmoja. Nilikuja kuangalia Jumatano ya wiki iliyopita asubuhi, wewe ukiwa chooni."

"Sasa kwa nini hukuchimba Jumatano?"

"Ningechimba Jumatano, nusu ingekuwa yako."

Nikaiangalia mistari yangu.

"Nilidhani utatamka siku ya pili," akasema. "Ukanifanya nile maharage mpaka Jumatatu. Miaka tisa nimekukatia nusu, Russ. Hata asante moja sikumbuki."

Sururu ilikuwa mkononi mwangu. Aliiona. Akanigeuzia mgongo taratibu, akapanda gari, akaondoka bila kuharakisha.

Darryl ni mtu wa kufukia shimo mpaka usijue palichimbwa. Safari hii aliacha yote wazi, sitini na moja. Na ardhi ile ni ranchi ya ng'ombe, ruhusa ya kusaka pale iliandikwa jina langu. Mwenye ranchi, mzee Hatherley, ng'ombe wake akivunjika mguu shimoni hukanyagi tena ardhi yake.

Nikafukia. Kila shimo nililipitisha mashine kwanza. Hakuacha dhahabu hata ya kuzibia jino. Nilimaliza jua linazama, viganja vimechubuka.

Nyumbani Noelene akaishika mikono yangu.

"Mlipata?"

"Darryl alipata."

"Na nusu yako?"

Nikanyamaza. Nilijua atakavyouelewa ule ukimya, na bado nikanyamaza.

Mwaka wa pili huu Noelene hasemeshani na kaka yake. Anamwita mwizi mbele ya watu, na mimi nakaa pembeni nakunywa bia. Darryl hajajitetea. Sijui anangoja nini, na safari hii naogopa.

Somo sitalipamba. Ukimtukana mtu siku sita na haondoki, usimhesabu mjinga, jiulize anangoja utamke nini. Na ukiwa na mtu anayekukatia nusu bila kuombwa, mwambie asante angali anakata.

Kesho namwambia Noelene. Nimeandika hapa kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma.