Nani Hasimami na Nani

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kupiga picha huanza na kamera. Wanataka kujua nilikuwa na kamera gani, imetengenezwa nchi gani, na ilikuwa inaona mbali kiasi gani. Huwa nawajibu kwa mkato, maana kamera haikunipa taabu kubwa. Taabu zangu zililetwa na upepo, maji na wakwe.

Nilikuwa mpiga picha Singida wakati bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani. Kamera yangu ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu. Niliipata kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi pale mjini baada ya mwanawe kumletea nyingine ya filamu kutoka Dar es Salaam. Yangu ilitumia vioo. Kila picha ilikuwa na kioo chake kilichopakwa dawa upande mmoja, na kioo kikivunjika, picha hiyo huna tena. Niliingiza kichwa chini ya guo jeusi nikawaona watu wamesimama vichwa chini miguu juu, nikawapanga, nikatoka, nikaweka kioo mahali pake, nikavua kifuniko cha lenzi, nikavuta pumzi moja ndefu, nikakirudisha. Katika pumzi hiyo mtu akitikisa kichwa amejiharibia mwenyewe, ila lawama atanipa mimi.

Upepo wa Singida hauhitaji kuelezwa kwa aliyeishi pale. Kamera iliyosimama peke yake hutikisika hata kama wewe huoni. Kwa hiyo nilitembea na gunia dogo tupu, na kila nilipofika nilijaza mawe nikalining'iniza katikati ya ile miguu mitatu. Mawe kwetu hayaagizwi. Vumbi nalo lilikuwa adui wa vioo, na dawa yake ni kufungua sanduku la vioo ndani ya nyumba tu, mlango umefungwa, hata kama wenyeji watakushangaa.

Maji yalinifundisha kwa aibu. Mwanzoni nilisuuza picha kwa maji ya Ziwa Singidani kwa sababu ya uvivu wa kwenda kisimani. Maji yale ni ya chumvi. Picha zilipokauka zilitoa unga mweupe, na bwana mmoja wa Utemini akaniuliza, kwa upole wote, kwa nini nimempaka majivu. Tangu hapo nilikinga maji ya mvua katika mapipa, na kiangazi nilikwenda kisimani kama watu wengine.

Jua nalo lina saa zake. Jua la utosini hufanya macho yaonekane mashimo, hivyo nilipenda asubuhi, au kivuli cha ukuta mrefu. Na kwenye harusi usipime mwanga kwa shela. Shela ni jeupe, linadanganya. Ukilifuata, uso wa bibi harusi utapotea katika giza, na uso ndio mama yake aliokuitia. Fuata uso, shela lijitegemee.

Hayo yote mtu anaweza kufundishwa kwa siku chache. La wakwe halikuwa katika kitabu chochote kilichokuja na kamera. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini kidogo hadi mwenzake apite. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na jina la mmoja halitoki mdomoni mwa mwingine. Hapana ugomvi ndani yake. Ni heshima, na mtu aliyelelewa vizuri huona haya ya kweli mwilini akiikosea. Sasa wewe unakuja na sanduku lako na kuwaambia watu wote sogeeni pamoja, karibuni kidogo, angalieni hapa. Ndiyo maana neno langu la kwanza nilipofika kwenye shughuli, baada ya salamu, lilikuwa: nani hasimami na nani?

Nilianza kuuliza hivyo baada ya harusi moja ng'ambo ya Ikungi.

Bwana harusi alikuwa karani wa stesheni ya reli, Manyoni, kijana mwenye tai na viatu vya kung'aa. Alikuwa amehamishiwa Kigoma, na lori la kuwapeleka Manyoni kupanda treni lilikuwa limeshafika, dereva anazunguka akipigapiga magurudumu kwa teke. Nilikuwa nimetumia vioo kanisani na kwa jamaa wa bwana harusi, ambao walitaka kila ukoo upate picha yake. Kimoja kilikuwa kimepasuka barabarani kwenye baiskeli. Kilibaki kioo kimoja tu.

Bibi harusi akaja mwenyewe hadi nilipokuwa, ameshika shela lisiguse vumbi.

"Kaka," akasema, "nataka picha moja tuwe watatu. Mimi, mume wangu na mama."

Shangazi yake, aliyekuwa ndiye msimamizi wa kila kitu siku ile, akasikia. Hakupandisha sauti.

"Mama yako na mkwewe wasimame bega kwa bega? Mbele ya watu?"

"Shangazi, ninakokwenda hakuna anayemjua mama. Watoto wangu nitawaonyesha nani?"

Nikamwambia basi nimpige yeye na mama yake tu, wawili. Akatikisa kichwa. Kioo ni kimoja, akasema, na mume wake hana picha nyingine ya harusi akiwa na yeye bila ukoo mzima. Akifika Kigoma na picha ambayo mumewe hayumo, ataitundika wapi? Alisema hivyo bila kulia, na mimi nikaona huruma kuliko nilivyozoea kuona kazini.

Mama mtu alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake ya tembe, amejigeuza kuelekea ukutani kwa sababu mkwe alikuwa uwanjani. Nikaenda kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinilazimishe, mwanangu."

"Sikulazimishi. Nikikuweka kwenye picha bila kukusimamisha naye, utakubali?"

Aliniangalia kama mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa. Nikamweleza. Nilikuwa na kadi ngumu niliyoikata kutoka kwenye boksi la chai na kuipaka masizi ya taa, ya kutosha kuziba nusu ya lenzi. Niliitumia mjini kuwafurahisha vijana waliotaka kuonekana wakisalimiana na nafsi zao. Ukiziba upande wa kulia, kioo kinapokea picha upande wa kushoto tu. Kisha usiguse kamera, usibadilishe kioo, hamisha kadi tu, upige upande wa pili. Mkwe angesimama kwanza na bibi harusi, halafu angeondoka kabisa, aende nyuma ya lori. Ndipo mama angetoka nyumbani kwake. Wasingeonana hata kidogo.

Mama akafikiri. Akamwambia shangazi kitu kwa Kinyaturu, shangazi akajibu kwa neno moja, nao wakakubali. Mimi nikaona nimekuwa mtu mkubwa sana.

Kuna kanuni moja ya kazi ile ya kadi: mshono, pale nusu mbili zinapokutana, uuweke kwenye kitu kisichotembea. Nguzo, mti, mkunjo wa pazia. Usiuweke juu ya mtu. Lakini bibi harusi alitaka kuwa katikati, mume huku na mama huku, na katikati ndipo penye mshono. Nikamwambia, dada, mshono utapita usoni mwako. Simama kama jiwe tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nisipokwambia, hata jicho usilihamishe. Akaniahidi.

Nikajaza mawe kwenye gunia. Nikampanga bwana harusi kushoto, bega lake mbele kidogo ya bega la mke wake, kama ilivyokuwa mtindo wa siku zile, akawa amemziba bibi harusi karibu nusu ya kifua. Kadi kulia. Kifuniko, pumzi, kifuniko. Bibi harusi hakutikisika hata unywele.

"Bwana harusi, nenda," nikasema, naye akaenda nyuma ya lori akiwa amekaza shingo.

Nikahamisha kadi. Mama akatoka. Alikuwa amevaa kaniki mpya na juu yake kanga, na alitembea haraka haraka hadi mahali nilipomwonyesha, kulia kwa bintiye. Nilivua kifuniko.

Na hapo, ndani ya ile pumzi moja, mama alinyoosha mkono akamshika bintiye kiwiko. Labda aliona ndiyo mara ya mwisho kwa muda mrefu. Bibi harusi akageuka. Hakugeuka mwili wote. Uso tu ulizunguka kidogo na jicho likamfuata mama yake. Nilirudisha kifuniko, lakini nilijua.

Lori liliondoka vumbi likiwa limewafunika wote. Wanawake walikuwa wanaimba na wengine wanalia, na mimi nilikuwa nafunga miguu ya kamera kwa hasira, nikimlaumu mtu aliyekuwa ameshaondoka.

Nilipoisafisha picha katika chumba changu cha giza, kila kitu kilitoka vizuri kasoro uso mmoja. Mshono haukuonekana nyuma yao, ukuta wa tembe uliungana safi, mama na mkwe walionekana wamesimama pamoja kama watu wasio na mila. Katikati yao, bibi harusi alikuwa na uso wa watu wawili. Jicho moja linaitazama kamera, jingine linatazama kando, na pua imekuwa nene pasipostahili. Nilichapa nakala mbili kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Moja niliipeleka stesheni ya Manyoni ifike Kigoma, nyingine nikaituma Ikungi kwa mtu wa gari.

Jibu la Kigoma lililetwa na bwana harusi mwenyewe, alipopita Singida likizo. Alisimama mlangoni mwa studio, tai ile ile.

"Wewe ndiye uliyempa mke wangu makengeza," akasema. "Wenzangu stesheni wanacheka."

"Alitikisika, bwana."

"Yeye anasema hakutikisika."

Nilikasirika, kisha nikafadhaika, kwa sababu nilijua huyo dada anamlinda mama yake au anajilinda, na sikujua lipi. Nilimwomba msamaha mumewe. Baada ya hapo nilijifunza kurekebisha kioo kwa penseli kali, kazi ya taratibu ya kuchora nukta juu ya dawa hadi kasoro ifutike. Niliwafutia watu makovu na kuwanyoosha makunyanzi, na kila mara nilifikiria kile kioo cha Ikungi nilichokihifadhi kabatini, nikasema siku moja nitakinyoosha.

Miaka ilipita kabla sijapata kazi tena upande ule, ubatizo fulani. Nilipomaliza nilipanda baiskeli hadi kwa yule mama. Alikuwa amezeeka, lakini alinijua.

"Ni yule wa kadi nyeusi," akasema. "Karibu ndani."

Ndani ya tembe kuna giza hata mchana, hivyo niliona kwanza kitambaa, kabla ya kuona picha. Ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo karibu na kitanda, katika fremu ya mbao, na juu yake kipande cha kaniki kilichoshonwa vizuri kama pazia dogo. Kilifunika upande wa kushoto. Nilielewa mara moja: mkwe hawezi kukaa chumbani kwa mama mkwe akimtazama anapolala. Hata wa karatasi.

"Binti hajambo?" nikauliza.

"Hajambo. Ana watoto. Kigoma ni mbali, hajapata nafasi ya kuja."

Nikasema lililonileta. Nikamwambia najua picha iliharibika, ila kioo bado ninacho, na siku hizi nina ujuzi wa penseli. Nitamnyoosha binti yake jicho na pua, nimletee nyingine safi bila yeye kunipa chochote. Nilikuwa na penseli yenyewe mfukoni nikamwonyesha.

Mama hakuelewa nazungumzia nini. "Imeharibika wapi?"

Nikasogea niitazame. Lile bega nililolisogeza mbele mwenyewe lilikuwa limeingia hadi katikati ya picha, na ili kumficha mkwe mzima, bila hata kidole kubaki, mama ilimbidi alete kitambaa hadi katikati ya uso wa bintiye. Ile nusu iliyoitazama kamera ilikuwa chini ya kaniki. Iliyobaki ilikuwa na jicho moja, na jicho hilo lilikuwa limegeuka kulia, kwa mwanamke aliyevaa kanga aliyemshika kiwiko.

"Nikiamka namkuta hivyo," mama akasema. "Nikilala namwacha hivyo. Sasa ukimnyoosha, mimi nitatazamwa na nani?"

Nilirudisha penseli mfukoni. Akanipa kigoda nikae, naye akaenda kuniletea uji.