Ngano Tuliyoiosha Mara Nne

Akina mama wa kigango chetu hapa Tlawi wameniomba nieleze jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona, ili wagonjwa wasomewe wapate moyo. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na mkono wangu wa kulia bado unatetemeka, kwa hiyo naandika polepole. Wameniomba pia nisimseme vibaya marehemu kaka yangu. Hilo nimekataa. Nikimwondoa yeye, ugonjwa wangu hauna mwanzo.

Kabla ya hapo nilikuwa na nguvu. Nilipandisha debe la maji kutoka bondeni likiwa kichwani bila kulishika. Nilikamua, nililima, na kwenye kwaya niliimba sauti ya kwanza. Mume wangu Paulo alikuwa akisema, "Mama Yosefu, ukipumzika nitajua dunia imekwisha."

Kaka yangu Melkiori alirudi kutoka vita vya Kagera na kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Huko alimbeba mgongoni mwenzake aliyevunjika mguu, kutwa nzima kwenye matope, akamfikisha akiwa hai. Mtu yule nilimwona kwa macho yangu. Alikuja kwetu akichechemea, na jogoo mkononi, kushukuru. Hilo ni kweli na sitalipunguza.

Baada ya vita alipewa kazi ya kusimamia matrekta katika shamba la ngano la serikali, kule tambarare za Hanang. Alijenga nyumba huko Mogitu. Kisha akagombea ubunge, akapewa alama ya jembe. Watu wakasema, "Aliyembeba mwenzake atatubeba na sisi."

Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti. Tukafikia kula mboga za porini. Ndipo Melkiori akaja kwa mama na gari la shamba, magunia matano nyuma. Punje zilikuwa nyekundu, kama zimepakwa rangi.

"Mama, hii ni ngano ya mbegu iliyobaki," alisema. "Ina dawa kidogo. Ioshe vizuri kabla ya kusaga, na majirani uwagawie."

Mama akacheka. "Wewe nilikuosha ukiwa mchafu kuliko hii."

Tuliiosha mara nne. Maji ya kwanza yalikuwa kama damu, ya pili kama chai, ya tatu yakapauka, ya nne yakawa meupe. Tukamshukuru Mungu. Tukaianika, tukaisaga, mama akapika chapati. Melkiori alipopita tena kutuona, alimpa ya kwanza, ya moto, kwa mikono miwili. Akasema, "Nimeshiba, mama." Mwaka wa njaa, mtu ameshiba. Siku ile nilidhani ni heshima ya mkubwa asiyetaka kupunguza chakula chetu. Leo nasema nilichokiona tu: hakula.

Baada ya muda kuku waliokunywa yale maji ya kuoshea wakaanza kuanguka. Tukasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku.

Sisi tuliendelea kula, karibu mwezi mzima. Kwangu ilianza midomoni. Midomo ilikufa ganzi, kisha vidole. Nikaepua sufuria kwa mikono mitupu, nikaja kujua ni ya moto nilipoona malengelenge. Kisha miguu ikaacha kunisikia. Jirani yangu Juliana alinikuta nayumba njiani, akapiga kelele, "Emiliana, hata jua halijapanda umeshaonja?" Nilicheka naye. Ulimi ulikuwa mzito, hata kicheko kilitoka kama cha mlevi. Halafu macho. Nilikuwa naona kilicho mbele tu, kama mtu anayechungulia kupitia mdomo wa kibuyu. Mwishowe nilijikojolea nikiwa nimesimama mbele ya watoto wangu.

Mama aliangushwa wiki ileile. Paulo alitupeleka hospitali kwa lori, tukalazwa vitanda viwili vinavyokaribiana. Walitutibu malaria. Kisha wakatutoboa mgongoni kwa sindano kutafuta homa ya uti wa mgongo. Hawakuona kitu. Daktari, kijana mpole, alituamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama, shikamoo bibi," kisha akatuuliza, "Mmekula nini huko nyumbani?"

Nilimjibu, "Chakula cha kawaida." Sikudanganya. Kwangu ngano ile ilikuwa imeshakuwa chakula cha kawaida. Kila siku Paulo alituletea uji wa ngano hiyohiyo kwenye chupa ya chai, tukanywa.

Melkiori alikuja akiwa na suti mpya. Wauguzi walimpigia makofi. Mama alikuwa amelala. Akainama sikioni kwangu.

"Emi, daktari akiuliza tena, sema mmekula ugali wa mahindi tu."

"Kwa nini, kaka?"

"Wapinzani wangu watasema nimewalisha watu sumu. Zimebaki wiki tatu. Nisaidie, mdogo wangu."

Mpaka dakika ile sikuwa nimeiwaza ngano. Alipoomba nifiche, nikajua.

Sasa nasema jambo ambalo kwa miaka mingi nimemwambia padri peke yake. Nilinyamaza siku nne. Paulo alipoleta uji nilisema sina hamu. Mama sikumwambia kitu. Alikuwa na nafuu kidogo, akajiinua, akanywa wake, kisha akanywa na wangu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Alinipangusa midomo kwa kanga yake akasema, "Kesho utakunywa, mwanangu." Nilimwangalia akimaliza. Ubunge wa kaka yangu ulikuwa mkubwa hivyo machoni pangu.

Siku ya nne alianza kutapatapa. Hakunitambua. Alikufa kabla ya mchana.

Walipomfunika shuka nilimwita daktari kwa sauti ile ya kilevi. Nikamwambia yote: rangi, maji, kuku. Aliketi kitandani kwangu kama mtu aliyepigwa.

"Nyumba ngapi zina unga huo?"

Nilizitaja. Alituma gari Tlawi siku ileile. Unga ukafukiwa kwenye shimo refu. Juliana, na Paulo na watoto wangu, walikuwa wameanza kufa ganzi vidole, wakapona. Wazee wawili hawakupona. Nilimuuliza daktari kama siku zile nne zingemwokoa mama. Alisema, "Pengine zisingemwokoa." Alisema pengine.

Mimi nilipona kama mtoto anavyokua. Miezi ilipita nikitembea kwa kushika ukuta. Paulo alinifunga vifungo, alinichana nywele, na nilipomwaga uji kifuani alisema, "Leo umekosea mdomo kidogo tu." Nilijifundisha kuchambua maharage moja moja ili vidole vikumbuke kazi. Kwenye kwaya nilirudi, nikakaa nyuma, sauti ya pili. Pembeni mwa macho sioni mpaka leo.

Melkiori alishinda. Akawa mbunge, baadaye naibu waziri. Kwenye mikutano alisimulia habari za mwenzake wa vitani, watu wakalia. Kuhusu mama alisema malaria. Miaka mingi baadaye, mashamba yale ya serikali yakiwa yamelala na matrekta yameota kutu, alikuja kwangu bila dereva. Alikaa jikoni.

"Mtunza stoo aliniambia ni ya kupanda, siyo ya kula," alisema. "Nilidhani kuosha kunatosha."

"Kama ulidhani hivyo, mbona chapati hukula?"

Alivua kofia yake, akaiweka mezani.

"Basi waambie watu," nikasema. "Uchaguzi umepita zamani."

"Sasa nina wajukuu, Emi. Wanabeba jina langu."

"Na wale wazee wawili hawakuwa na wajukuu?"

Akachukua kofia yake akaondoka.

Tulimzika Mogitu kwa bendera na magari mengi. Nilimlilia, alikuwa kaka yangu. Kisha ukasomwa wasifu wake: vita, shule alizojenga, mama aliyefariki kwa malaria. Niliinua mkono niseme. Mshereheshaji akaniinamia, "Bibi, muda umetubana." Kwa maiti tatu muda haukupatikana.

Namshukuru Mungu, namshukuru Paulo na yule daktari kijana. Wagonjwa mnaosomewa haya, msikate tamaa. Mwili husahau kazi zake, lakini hujifunza tena. Na ngano yenye rangi msiile, hata mkiiosha vipi. Rangi hutoka, dawa hubaki. Daktari akiuliza umekula nini, mwambie, hata kama aliyekileta ni ndugu yako, hata kama ana cheo, hata kama amesimama mlangoni anasikiliza.

Melkiori alimbeba mwenzake kutwa nzima, na mtu yule aliishi. Mama alihitaji neno moja tu, na watoto wake wawili tulikuwa nalo mdomoni.