Nusu ya Kichwa cha Meneja

Wifi yangu hagombani. Akikasirika, anatii. Wasiomjua hudhani huo ni upole, mpaka siku yatakapowafika. Kaka yangu, mumewe, aliwahi kumfokea kwamba asiguse tena vitu vyake. Wifi akasema haya, na kweli hakugusa. Shati lililoanguka likabaki pale pale lilipoanguka, sahani ikabaki mezani na mifupa yake, na kaka yangu akaishia kuja kwangu na soksi za rangi mbili, akiniomba nikamsemee kwa mkewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomaliza kucheka nikakataa.

Kazi yake ni kusuka nywele, na kwa kasi ya vidole vyake wateja humwita Chapchap. Hana saluni. Huwafuata watu majumbani mwao: bibi harusi, mama aliyejifungua juzi, mgonjwa anayetaka angalau kichwa kipendeze, mfiwa asiyetaka kuonekana barabarani. Anabeba kigoda, begi la rasta, chupa ya maji moto ya kuchovyea ncha, na draya ya mguu mrefu ambayo huiweka begani kama askari wa gwaride. Ndivyo alivyoishi miaka yote, ila sasa goti lake la kulia limegoma. Jioni linavimba mpaka halikunjiki. Daktari alimshauri apunguze kutembea na mizigo. Wifi akamwuliza kama apunguze na kula.

Zilibaki njia mbili. Ama anunue gari, ama akakodi kiti katika saluni ya binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kitana. Binti huyo alikuwa amefungua saluni barabara kuu, vioo ukuta mzima, na hakuacha kumtumia ujumbe: "Mwalimu, karibu. Kiti cha pembeni kipo wazi."

"Cha pembeni," Wifi alikuwa akiniambia huku akizima simu. "Karibu na choo, bila shaka."

Alifanya utani, lakini mimi nilimwona alivyokuwa akilikanda lile goti. Alijua akikaa kwenye kiti kile, wateja hawatakuwa wake tena. Atakuwa mtu wa kuambiwa ahamie huku, ampishe fulani. Iliniuma, maana mwanamke huyu ndiye aliyenisuka mimi siku ya harusi yangu, na siku niliyoachika pia.

Basi akaweka akiba kwa jino na ukucha, na siku fedha zilipotimia akanichukua mimi, kwa sababu ndimi mwenye leseni. Niliwahi kuendesha gari la kusambaza mikate. Tukaenda kwenye yadi ya magari ambayo alikuwa akiipita kila siku. Alishachagua gari: dogo, la buluu iliyopauka, mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Kwenye kioo cha mbele palikuwa na karatasi yenye bei, na fedha zake zilikuwa sawasawa na ile karatasi. Juu ya geti palikuwa na maandishi makubwa: HAPA BEI NI MOJA.

Tuliingia, tukasimama. Tukakaa. Tukasimama tena. Kijana mmoja wa mauzo, shati jeupe na viatu vya ncha, alitupita mara kadhaa akiwakimbilia wanaume walioingia nyuma yetu. Mwishowe akatuona, au alichoka kutotuona.

"Karibuni, mama zangu. Mmekuja na nani?"

"Na wifi yangu," alisema Wifi, akinionyesha.

"Hapana, nauliza shemeji yuko wapi? Wa kuzungumza naye."

"Shemeji yako yuko kazini. Fedha ndizo zimekuja."

Kijana akacheka kidogo, akatuletea hesabu. Sijawahi kuona bei inanenepa haraka namna ile. Kulikuwa na ada ya maandalizi, ada ya kuhamisha umiliki, ada ya kuliosha gari, na chini kabisa, ada ya huduma kwa mteja.

Wifi aliisoma karatasi yote, midomo ikicheza. "Mwanangu, hii huduma kwa mteja ni ile tuliyoipata asubuhi, au kuna nyingine iko njiani?"

"Hayo ni mambo ya meneja, mama. Subiri kidogo, anakuja."

Meneja hakuja. Tulikaa mpaka walinzi wakaanza kufunga mageti. Kesho yake tukarudi, na yule kijana, ambaye kufikia hapo nilishambatiza jina la Bwana Subiri, akatuambia kwamba ada mbili zimepanda tangu jana, tena kuna mteja mwingine analitaka gari lile lile. Wifi akasema anataka kumwona meneja.

"Basi kaa hapo, mama. Usitoke, usije ukapishana naye. Subiri."

Nikamwona Wifi anatabasamu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, kwa maana tabasamu lile nalijua.

"Haya," akasema.

Akatoa simu. Siku hiyo alikuwa na wateja wa kuwafuata majumbani, naye akawapigia mmoja mmoja. "Leo njoo wewe. Nipo yadi ya magari. Ndiyo, ndani. Nimeambiwa nisitoke." Mimi akanituma nyumbani kuchukua kigoda, begi na draya.

Kabla jua halijawa kali, ukumbi wa yadi ulikuwa umechangamka. Mteja wa kwanza alikuwa muuguzi aliyetoka zamu, akasinzia kwenye kigoda huku anasukwa. Akafuata mwalimu wa shule ya msingi, kisha mama mwenye mtoto anayenyonya, ambaye alilikalia sofa la ngozi kana kwamba alizaliwa juu yake. Draya tuliichomeka palipochomekwa mashine ya kahawa. Rasta zikaning'inia kwenye kioo cha pembeni cha gari la fahari lililokuwa katikati ya ukumbi, maana lile lilikuwa na urefu unaofaa.

Bwana Subiri alikuja mbio, jasho limemtoka. "Mama! Hapa siyo saluni!"

"Najua, mwanangu. Hapa nasubiri."

"Lakini unafanya kazi!"

"Ulitaka nisubiri nikiwa mvivu?"

Akaenda kumpigia meneja simu. Yaani muda wote alikuwa na namba yake! Nilitamani kumvuta sikio, na ninasema hivyo bila aibu.

Meneja alifika mchana. Alikuwa mwanamke wa makamo, suti ya kijivu, nywele zake amezifunga nyuma kwa haraka ya mtu asiye na nafasi. Mimi nilishaanza kukusanya vitu. Lakini yeye alisimama akamtazama mwalimu wa shule aliyekuwa anajigeuza mbele ya kioo cha gari, akaitazama ile mistari iliyonyooka kichwani mwake, na uso wake ukabadilika.

"Hizi umesuka wewe?"

"Mikono yangu hii."

Meneja akaangalia saa. Kesho yake asubuhi, alituambia, alikuwa anapigwa picha za bango jipya la yadi, na msusi wake amesafiri. Akauliza bei. Wifi akamtajia. Meneja akasema sawa, tena akaongeza kwa ujanja kwamba wakati anasukwa watazungumza suala la gari vizuri, mwanamke kwa mwanamke. Nilielewa: alifikiri mtu akishika kichwa chako atakuonea haya. Akavua koti, akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika karibu na kidevu.

Walizungumza. Yaani Meneja alizungumza. Kila ada aliitetea kama mwanawe wa kuzaa. Wifi alikuwa akisema mmh na vidole vinakimbia. Upande wa kushoto ukakamilika, mistari myembamba kama ya daftari, ncha zimechovywa, zinang'aa. Upande wa kulia ulikuwa bado, nywele zimesimama zikielekea kila mahali.

Hapo akaingia mwanamume mmoja na mkewe, wakaenda moja kwa moja kwenye gari la fahari. Mke akasogea kuzitazama rasta, akasalimiana na yule muuguzi, ambaye alikuwa ameamka lakini hajaondoka, kwa sababu mambo yalikuwa yamenoga.

"Hapa bei zao zikoje, dada?"

"Bei ni moja," alisema muuguzi. "Ila ina watoto wengi. Mwulize habari za ada ya huduma kwa mteja."

Mama mwenye mtoto akadakia habari za ada ya kuosha. Mwalimu, kwa sauti ya darasani, akaeleza jinsi ada zinavyopanda usiku watu wakiwa wamelala. Yule mke akamtazama mumewe. Mume akaurudisha mezani ufunguo aliokuwa amepewa. Wakatoka.

Meneja aliruka kutoka kwenye kigoda. Wanunuzi wa gari la fahari ndio waliokuwa wametoka mlangoni, gari ambalo huenda hawauzi hata moja kwa msimu mzima, na hasira zilimpanda mpaka akasahau kila kitu, pamoja na kichwa chake mwenyewe.

"Kusanya takataka zako utoke kwenye yadi yangu! Sasa hivi!"

"Sasa hivi?" Wifi aliuliza, taratibu kabisa.

"Dakika hii hii!"

"Haya."

Akauachia msuko aliokuwa ameufikisha katikati. Akafunga begi, akakunja draya, akachukua kigoda. Alichechemea mpaka mlangoni, nasi nyuma yake kama msafara wa bibi harusi. Mimi niligeuka mara moja tu. Meneja alikuwa amejiona kwenye kioo cha gari, na mkono wake ulikuwa unapapasa upande wa kulia kama anatafuta taa gizani.

Njiani nilicheka peke yangu. Nilipomwuliza Wifi mbona hacheki, akasema, "Gari limekwenda, wifi." Hapo na mimi kicheko kikaniisha. Nilijiona mjinga kufurahia vile.

Tulimalizia wateja nyuma ya nyumba yake, kwenye kibaraza. Walikuwa bado watatu kwenye foleni jua lilipoanza kupungua makali, na ndipo geti likagongwa. Akaingia Meneja, kitambaa kichwani kimefungwa mpaka kwenye nyusi.

"Samahani," alisema. "Naomba unimalizie."

Nikamnong'oneza Wifi, "Gari kwanza! Mshike hapo hapo!"

"Kichwa hakina kosa," alinijibu. Kisha akamwambia Meneja, bila kuinua macho, "Karibu. Kuna watu mbele yako."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, suti na yote, zamu yake ni ya nne. Wanawake wale hawakumjua, maana siku hiyo hawakufika yadi. Walipiga soga kama kawaida yao, na kwa kuwa habari ya siku ilikuwa moja tu, walizungumzia yadi. Mmoja alinunua gari pale mwaka uliopita, akasimulia alivyolipia kuoshwa kwa gari akalipokea na matope. Mwingine mdogo wake aliambiwa amlete mumewe naye hana mume. Walivunjana mbavu. Meneja aliyasikiliza yote na kitambaa chake, hana pa kwenda. Mimi nilimletea maji ya kunywa ili nimwone vizuri.

Zamu yake ilipofika, Wifi alifungua kitambaa, akautazama upande wa kulia.

"Hukupata mwingine wa kukumalizia?"

"Nilikwenda ile saluni kubwa ya barabara kuu. Mwenyewe alinikalisha, akafungua, akapitisha kidole kwenye mistari. Akasema, 'Huu ni mkono wa mwalimu wangu. Siugusi hata ukinilipa mara tano.' Ndiye aliyenielekeza hapa. Akasema pia nikuombe radhi. Hata hakuuliza nimefanya nini."

Vidole vya Wifi vilisimama. Sijawahi kuviona vikisimama katikati ya kazi. Akajikohoza kama mtu aliyepaliwa, akaendelea. Upande wa kulia aliusuka vizuri zaidi ya wa kushoto, na sijui kama Meneja alilijua hilo.

Alipomaliza, Meneja alijitazama kwenye kioo cha mkononi muda mrefu. Akafungua pochi, akatoa fedha nyingi, akaziweka zote kwenye kiganja cha Wifi. Wifi akahesabu zake, zilizobaki akamrudishia.

"Hizo ni za usumbufu," alisema Meneja. "Za kusubiri, za kurudia kazi..."

"Nilikutajia bei ukiwa na nywele zako kichwani. Haijabadilika."

Meneja alibaki na zile fedha mkononi. Nilitarajia aseme maneno makubwa, lakini aliuliza tu, "Lile la buluu ulitaka lilivyoandikwa kwenye kioo?"

"Lilivyoandikwa."

"Pamoja na kuosha?"

"Kama mnajua kuosha."

Meneja akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha mtu aliyechoka. "Njoo kesho, dada. Nitakuwepo mwenyewe."

Na kweli alikuwepo. Bwana Subiri alitufungulia mlango wa gari bila kuuliza tumekuja na nani. Nikashika usukani, Wifi akaketi kando yangu, draya na kigoda vimelala nyuma kwa raha zao, goti lake amelinyoosha mbele mpaka mwisho. Hatujafika mbali simu yake ikalia. Alikuwa mteja wake wa zamani aliyehamia nje kabisa ya mji, ambaye Wifi alikuwa amemkatalia mpaka mwanamke wa watu akaacha kuomba. Sasa binti yake anaolewa. Alikuwa anauliza tu, alisema, hata jibu analijua.

"Mwoshe nywele," Wifi alisema. "Nakuja."

Akakata simu, akanigeukia. "Huko kwao kuna barabara?"

"Sijui, wifi. Sijawahi kufika."

"Hata mimi," akasema, akafungua dirisha. "Kanyaga mafuta."