Joto Alilomtengenezea Mama

Siku ambayo haijanitoka, mwanangu, ni ile tuliyomsindikiza mama mkwe wangu kurudi kwao. Nilikuwa bado mgeni katika ndoa. Tulikaa Nakuru, karibu na reli, na mume wangu Wekesa alikuwa dereva wa pikapu ya mnunuzi wa ngano. Tajiri wake alimruhusu kulaza gari nyumbani.

Mama alikuwa amekuja kutuona, baridi ikamshika miguu. Njia ya kurudi ilipita Molo na Timboroa, kwenye ukungu mzito, na hita ya pikapu, ya kupasha joto ndani, haikuwa ikipuliza. Mota ya feni yake ilikuwa imeungua. Wekesa akasema mama yake hatasafiri akitetemeka.

Alikuwa hodari wa mikono, ingawa ufundi alijifundisha mwenyewe. Akapata mota kutoka gari bovu, akatandika gunia uani, akatoa waya wa betri, akalala chali chini ya dashibodi. Mota ile ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Basi akapanua tundu kwenye bati linalotenganisha injini na viti, akaifunga, akaunganisha nyaya. Ilipoanza kuvuma na kutoa joto, Mama alipiga vigelegele. Pengo lililobaki kando ya mota, Wekesa alisema ataliziba tukirudi.

Tulikaa mbele sote watatu. Mama alikuwa katikati, amejifunika blanketi, miguu kwenye joto. Mlango wa upande wangu haukufungika vizuri, upepo ukawa unanichoma ubavuni. Wekesa naye alikuwa akitoa kichwa nje kila mara aione barabara.

Tulipopita Molo, Mama akasema, "Wekesa, kichwa kinaniuma. Fungua dirisha kabisa."

"Mama, nimehangaika kukutafutia joto, sasa niingize baridi?"

"Hata mimi kinanigonga," nikasema.

Akacheka. "Nyinyi hamjazoea milima. Lala, Mama. Ukiamka tumefika."

Mama, kwa kuwa alimpenda, akalala.

Timboroa tulisimama kuongeza maji kwenye injini. Nikamwita Mama. Nikamtikisa. Kichwa chake kikaniangukia begani, kizito, na nikajua kabla sijapiga kelele. Nilishuka nikatapika kando ya barabara. Dereva wa lori aliyekuwa ameegesha hapo alifunua boneti ya pikapu yetu, akatuonyesha: bomba la moshi lilikuwa na ufa, na feni mpya ilikuwa ikivuta moshi ule kupitia lile pengo na kutupulizia sisi. Wekesa aliketi kwenye matope na koti lake la kazi. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Baada ya maziko, baba mkwe wangu, mtu wa maneno machache, alimwita mwanawe. Mimi nilikuwa pale nikimwaga chai.

"Alikuambia kichwa kinamuuma?"

"Aliniambia, baba."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia alale."

Mzee aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Moshi hukuuona, mwanangu, na kwa hilo sikulaumu. Lakini mama yako ulimsikia."

Hakulitaja tena hadi alipokufa. Wekesa aliishi miaka mingi, akanitunza vizuri, lakini mtoto wetu akisema kichwa kinamuuma, baba yake alikuwa anatoka nje na kusimama uani peke yake.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe unayependa kuwafanyia watu wako mema: kazi ambayo uhai wa mtu umeiegemea usiiache na pengo la kuzibwa kesho. Na yule unayemtendea wema akikuambia anaumia, simamisha gari. Usimwambie jinsi ulivyohangaika kwa ajili yake. Shuka, angalia, hata kama utachekwa, hata kama utachelewa.

Mungu akupe mikono ya kufaa watu na masikio ya kuwasikia. Wote utakaowapakia safarini, akusaidie uwashushe wakiwa hai.