Kipimo cha Stima Otonglo

Juzi pale Otonglo nilimkuta mama muuza samaki akimwonyesha fundi wa stima friji yake.

"Jirani akiwasha mashine ya kusaga, stima inashuka, samaki wangu wanaoza."

Fundi alichomeka kipimo, akatikisa kichwa. "Stima ni safi, Mama. Friji ndiyo mbovu."

"Safi kwa sababu mashine imezimwa! Mwambie awashe, upime tena."

Mwenye mashine, akiwa ameegemea mlango wake, alijibu haraka: "Leo hakuna mahindi, bwana."

Nyuma yake wanawake walikuwa wamepanga foleni na madebe yaliyojaa mahindi. Fundi aliwatazama, akakunja waya zake, akamkonyezea mwenye mashine, akaondoka. Gari lake lilipokata kona tu, mashine ikanguruma, balbu ya mama ikafifia.

Nauliza tu: kipimo kile kinapima stima, au urafiki?