Tamponi za Dada Matangani

Dada yangu alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya watalii huko Mweya. Wageni husahau vitu, na safari moja alirudi nyumbani Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na kisanduku cha tamponi. Alinionyesha moja: pamba iliyobanwa ikawa kama kidole, ina uzi mkiani, imelala ndani ya mrija wa karatasi ngumu.

"Unaiweka ndani ya uke," alisema, "damu inaishia humo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akasema atanifundisha Krismasi. Kabla ya Krismasi homa ikamchukua.

Kwetu, nyumba ikifiwa, wanawake wa nyumba hiyo hukaa pamoja kwenye mikeka. Hawaendi sokoni, hawafui hata kitambaa, mpaka siku ya kushuka mtoni wote kuoga na kufua. Hedhi yangu ilikuja mara tu baada ya mazishi. Vitambaa vyangu vilikuwa vichache na sikuruhusiwa kuvifua. Mama hakuwa ameniachia mkono tangu kaburini. Nilitaka jambo moja tu: kukaa naye pale bila kuuchafua mkeka na bila kuondoka.

Mkoba wa dada ndio niliokuwa nikiulalia kama mto. Nikatoa kisanduku, nikaenda nacho bafuni, nyuma ya mabati.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, na shule yangu haikufika mbali. Ilikuwa na picha ya mwanamke aliyekatwa katikati kama papai, hana kichwa. Sikujua mbele yake ni wapi. Mrija niliudhani ni ganda, nikautupa. Pamba nikaisukuma kwa kidole, ikauma, nikaiacha hapo hapo.

Nilirudi mkekani nikitembea kwa shida. Kila nilipokaa, nilikunja uso. Shangazi mmoja akasema, "Mwacheni, walipendana sana." Ilikuwa kweli. Lakini maumivu yale yalikuwa ya nini, mimi mwenyewe sikuweza kuyatenganisha.

Aliyenitazama kwa jicho lingine ni mke wa kaka yangu. Kaka ni askari, na mkewe alikuwa amekuja kutoka kambini Kasese. Hajui Lhukonzo, lugha yetu, kwa hiyo tunaongea Kiswahili.

"Wifi, kuja hapa," aliniita nyuma ya jiko. "Mbona unatembea kama kuruta wa wiki ya kwanza?"

Nikamwambia. Akajiziba mdomo kwa kanga, maana kicheko si cha matangani.

"Umeiacha mlangoni! Ndiyo maana inauma. Ikifika mahali yake, huisikii."

"Ikipotea ndani?"

"Ipotee iende wapi? Huko hakuna njia ya kwenda Kongo. Na uzi unabaki nje."

"Basi nitaitoa siku ya mtoni."

Kicheko kikamwisha. "Siku ya mtoni? Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilidhani, kama kila kitu cha mwili kinangoja mto, hiyo nayo ingengoja.

"Hii haifuati matanga," alisema. "Masaa manne, matano, unatoa. Masaa manane usiyapite kamwe. Ukilala, tumia kitambaa, nitakupa cha kwangu. Na ukipata homa ya ghafla, ukatapika, kichwa kikazunguka, toa mara moja, kimbia hospitali, waambie ulivaa nini. Usikae ukisema ni huzuni."

Akanimwagia maji nikanawa mikono kwa sabuni. Akachagua iliyo nyembamba kuliko zote. Nikaingia bafuni, yeye akasimama nje akiamrisha kwa sauti ya chini, kama afande wake. "Toa ile ya kwanza, vuta uzi taratibu. Sasa mpya. Mguu mmoja juu ya jiwe. Pumua. Usielekeze juu, elekeza nyuma, kwenye kiuno. Mrija wa nje uingie mpaka vidole viguse mwili. Sukuma ule mdogo uliochomekwa ndani yake. Toa mirija yote miwili. Ukiona umekaza, acha, pumzika, hakuna anayekufukuza."

Safari hii sikuhisi kitu. Niliinama, nikachuchumaa. Hakuna kitu. Nikaogopa zaidi, kwa sababu uchungu ulipoondoka chini, ule wa juu ulibaki peke yake, na sasa niliujua.

Nilikaa kando ya mama. Akanishika mkono tena. Nilipoondoka kubadilisha, wifi aliikalia nafasi yangu mpaka niliporudi.

Siku ya mtoni, tulipokwisha kuoga, mkoba wa marehemu ulifunguliwa ili vitu vyake vigawanywe. Mama akakishika kisanduku, akakigeuza.

"Hiki nini?"

"Vya hedhi, mama. Dada alisema atanifundisha."

"Alikufundisha?"

Nikamtazama wifi. Yeye akatazama maji. Nilitaka kusema hapana, halafu nikataka kusema ndiyo, na yote mawili yalikuwa kweli.

"Alianza," nikasema.

Mama akakiweka mikononi mwangu.